Chaja ya Lori

Nilikuwa na majivuno ya fundi kijana, nayo ni mabaya kuliko majivuno ya tajiri, maana tajiri walau ana mali. Mimi nilikuwa na cheti cha ufundi umeme, ovaroli la buluu, na tabia ya kumkatiza mtu kabla hajamaliza kusema.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi moja pale Kibaha. Ofisi ilikuwa na boti ya bati yenye injini ya kuning'inia nyuma, na kila masika, mto Ruvu ukishafurika, boti hiyo ilipeleka dawa ng'ambo na kurudi na wagonjwa. Watu wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kuhamishiwa kijijini karibu na barabara, lakini mpunga wao ulibaki bondeni, na mpunga hauhamishwi kwa amri. Basi walirudi kuulinda. Walijenga madungu, vile vichanja virefu vya kukalia na kufukuzia ndege, wakakaa huko wiki nzima nzima, na mafuriko yakawakuta huko huko.

Ndani ya boti tulikuwa na simu ya upepo. Gari la wagonjwa lilikaa hospitali, na halikuja mtoni mpaka tuliite kwa simu hiyo. Simu ilikula betri ya gari, na kivukoni hapakuwa na umeme, kwa hiyo tulibeba jenereta dogo la petroli na chaja. Jenereta liliendesha chaja, chaja ikajaza betri, betri ikaendesha simu. Kimoja kikigoma, mgonjwa angekaa ukingoni akitazama matope.

Nahodha wa boti alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa makamo, mrefu, asiyejua kusoma, lakini masikio yake yaliijua injini kuliko vitabu vyangu vyote. Mimi ni Mzaramo wa Chole, Kisarawe. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na sisi wawili tulitaniana kutwa kucha.

"Babu zako walipita kwetu na mizigo ya watu kichwani," nilikuwa nikimwambia. "Wewe umepandishwa cheo, umepewa boti."

"Na babu zako waliiona mizigo ikipita, wasisaidie hata kidogo," alijibu. "Walikuwa ngomani."

Nilimpenda mtu yule. Nasema hivyo mapema ili ijulikane.

Masika moja chaja yetu iliungua. Nikaenda karakana kutafuta nyingine, nikazikuta mbili. Moja ilikuwa ndogo, ya betri za pikipiki, ya ampea sita, nyepesi kama redio. Nyingine ilikuwa ya malori, ya ampea thelathini, chuma kitupu, yenye waya nene kama kidole gumba. Sikufikiri mara mbili. Nilijiambia kwamba mwenye haraka hachoti maji kwa kikombe. Kubwa ingejaza betri kwa saa moja, wakati ndogo ingetuweka kutwa nzima. Nikaibeba ile kubwa mpaka ikaniuma bega, na kila niliyepishana naye njiani nikamweleza ni ya ampea ngapi.

Hesabu niliijua. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Jenereta letu lilikuwa la wati mia tatu. Ampea thelathini za chaja ile, ukizidisha kwa volti kumi na mbili za betri, zinafika wati mia tatu na sitini, na hapo hujahesabu umeme unaopotea kuwa joto ndani ya chaja yenyewe. Mtoto wa darasa la saba angeliona. Lakini mimi nilitazama mwisho mmoja tu wa waya, ule wa betri. Ule wa jenereta sikuutazama kabisa.

Mtani wangu aliponiona naipakia botini, aliacha kukausha maji, akashika kiuno.

"Mzaramo! Hilo dude la kuchajia tembo unalipeleka wapi?"

"Nyamaza, mpagazi. Shika mzigo huku."

"Hicho kijenereta chako ni kama mume wa Kizaramo. Kelele nyingi, kazi kidogo. Leo unamletea jimama la namna hii? Utamuua mtani wangu."

Nikacheka mpaka machozi. Nikamwambia wivu utamuua yeye kwanza. Tukang'oa nanga.

Tulipofika ng'ambo, wakati dawa zikigawiwa, nikaliwasha jenereta, nikabana vibanio kwenye betri, nikachomeka chaja. Mlio wa jenereta ukabadilika papo hapo. Ulikuwa mwembamba, ukawa mnene na mzito. Nikaongeza mafuta.

"Linalia hilo," mtani akasema kutoka kwenye usukani. "Mwanamke kamkalia."

"Tuliza mdomo."

"Mtani, mpe talaka angali hai."

Nikacheka tena. Dakika chache baadaye ikatoka harufu ya vanishi inayoungua, kisha moshi, kisha kimya. Waya za ndani ya jenereta zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa nimeinama kulifungua na bisibisi mkononi pale niliposikia watu wakija na kitanda cha kamba mabegani.

Kwenye kitanda alikuwa mama yangu mkubwa, dada wa mama, aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka minne. Shamba lake lilikuwa bondeni humo, naye alikuwa ameenda kulinda mpunga wake kama wenzake. Tumbo lilikuwa limemshika tangu jana yake, sasa lilikuwa gumu kama ubao na hakuweza kunyoosha miguu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, halafu akaniuliza kama nimekula.

Nikakimbilia simu ya upepo. Betri ilikuwa na nguvu za kutoa mkwaruzo mmoja tu, basi. Nikabonyeza, nikaita, nikabonyeza tena. Nadhani nilibonyeza kwa muda mrefu, kwa sababu mtani alikuja akanitoa mkono kwenye kitufe taratibu, kidole kimoja kimoja.

Tukavuka. Ukingoni hapakuwa na gari, na lingetoka wapi? Mtani alivua viatu, akakimbia kwenye matope mpaka barabara ya Morogoro, kiasi cha saa moja na nusu kwa miguu, akasimamisha lori la mkaa, akarudi nalo. Mimi nilibaki nimempakata mama mkubwa, nikimpungia jani la mgomba. Alikuwa akiulizia mpunga wake. Jua lilikuwa linazama tulipofika hospitali. Kesho yake asubuhi akafariki. Nilimuuliza daktari kama tusingepoteza zile saa tatu ukingoni angepona. Akanitazama kwa huruma, akasema labda. Neno hilo ninalo mpaka leo.

Tulimzika kwetu Chole. Na kwa desturi yetu, msiba bila watani haujakamilika. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote juu ya marehemu na wafiwa, mbele ya watu wote, na hakuna wa kumkasirikia. Mnyamwezi wangu alikuja kwa miguu yake kutoka Kibaha. Aliruka ndani ya kaburi, akalala chali, akasema ni lake, amelikuta wazi, hatoki mpaka apewe jogoo. Akasema bibi huyu alimwalika wali siku moja, akamhesabia punje. Waliokuwa wakilia wakacheka, na waliocheka wakalia tena, ndivyo inavyotakiwa. Akawapitia wafiwa mmoja mmoja, kila mtu na lake.

Mimi nilisimama na jembe nikingoja zamu yangu. Nilijua atakachosema. Alikuwa na haki ya kuwaambia ukoo mzima kwamba aliyemuua mama yao ni fundi wao mwenye cheti. Kwa kweli nilitaka aseme. Akanifikia, akanitazama. Akachukua jembe mkononi mwangu, akaanza kufukia.

"Na huyu je, humtanii?" mjomba mmoja akamuuliza.

"Huyu leo si mtani wangu," akasema. "Leo ni ndugu yangu."

Tuliporudi kazini, hakunitania tena. Aliniita "fundi". "Habari za asubuhi, fundi." "Mafuta yapo, fundi." Wiki kadhaa zilipita hivyo, na heshima ile ilinichoma kuliko tusi. Niliamini ndiyo hukumu yake. Chakula tulikuwa tunakula pamoja, sasa alikula nyuma, karibu na injini.

Jenereta jingine lilipoletwa, la wati mia tatu vilevile, nilikwenda karakana nikachukua chaja ndogo ya pikipiki. Nikaiweka mbele ya mtani, nikachuchumaa.

"Itazame hii kabla sijaiunganisha," nikamwambia. "Unaonaje, itafaa?"

Akaipima uzito mkononi. "Wewe ndiye fundi."

Nikashindwa kuvumilia. "Uliniambia siku ile! Uliniambia mara mbili, nikadhani utani. Sema basi, nitukane, sote wawili tunajua mimi ndiye niliyekosea."

Aliirudisha chaja chini polepole.

"Nilijua litakufa," akasema. "Nilijua tangu unaipakia, maana niliwahi kuona hivyo hivyo kwenye mashamba ya mkonge. Lakini mimi ni mtu wa usukani, wewe una cheti. Ningekuambiaje, 'Fundi, umekosea'? Nikapitia kwenye utani, ndio mlango niliokuwa nao. Ukacheka. Na ulipocheka, mtani, na mimi nikacheka. Nisingecheka siku ile, ungenisikia."

Muda wote ule nilidhani ananihukumu, kumbe alikuwa anaogopa ulimi wake mwenyewe. Tukakaa pale, wanaume wawili wazima, tukilia juu ya chaja ya pikipiki.

Mwisho nikaliwasha jenereta, nikachomeka. Mlio haukubadilika. Ulibaki mwembamba, ule ule, na mshale wa chaja ukapanda ukatulia.

"Linanguruma vizuri," akasema, akipangusa uso kwa kiganja. "Kama Mzaramo aliyekula cha bure."

Nikaanza kucheka, kisha nikajizuia, nikamtazama usoni.

"Unanitania, au unaniambia?"

"Nakutania," akasema. "Kukiwa na la kukuambia, nitakushika mkono."