Mipaka ya Diski ya Mama

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, na shamba lake la mpunga liko Golbanti, kando ya mto. Kwa miaka tisa alikuwa akiandika kamusi ya Kipokomo kwenye laptopu yake: majina ya samaki, ya aina za mpunga, ya namna maji yanavyopanda na kushuka. Nakala ilikuwa hiyo moja tu.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Garsen, na mjuaji kupita kiasi. Nikamwambia mashine yake imechoka, nitamwekea mfumo wa pili kando ya ule wa zamani, na programu ndogo ya kumuuliza kila akiwasha anaingia upi. Nilikuwa naongea na mteja huku nabonyeza. Badala ya kupunguza sehemu ya zamani, nikakubali diski nzima ipewe jedwali jipya la mgawanyo. Nilizima haraka kabla mfumo mpya haujaanza kuandikwa. Nilipowasha tena, mashine haikuona kitu.

Nilimwambia ukweli mchana huo huo. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Mwanangu, mipaka imefutika, au shamba limechukuliwa na maji?"

Nilikasirika kidogo, nikidhani hajaelewa. Kumbe niliyepotea ni mimi. Mafuriko yakiondoka, yeye na majirani hupima upya mashamba kwa hatua, wakianzia pale palipobaki alama. Na mimi nilichofuta kilikuwa jedwali la mgawanyo, orodha fupi tu inayosema kila sehemu ya diski inaanzia wapi na kuishia wapi. Maneno yenyewe sikuyagusa.

Niliwasha kwa flashi, nikaiacha programu ipekue diski nzima ikitafuta alama za mwanzo wa kila sehemu. Diski ilikuwa kuukuu, ikachukua siku mbili. Kisha sehemu ya zamani ikajitokeza na mipaka yake kamili. Nikarudisha jedwali, nikatengeneza programu ya kuwashia, nikafungua faili. Yote yalikuwepo, pale pale alipoyaacha.

Nilipompelekea, nilimkuta mezani anaandika kwa mkono. Tangu siku ile alikuwa ameanza upya kutoka kichwani, bila kuniambia, na sasa alikuwa kwenye daftari la pili. Alivuta laptopu karibu tulinganishe. Ukurasa wa kwanza tu, daftarini mlikuwa na maneno manne ambayo mashine haikuwa nayo.