Presha ya Beno na Bosi Wake

Katika duka moja la vyombo pale Kariakoo, Beno ndiye aliyekuwa na kitambi, basi wateja wakamdhania ndiye mwenye duka. Mwenye duka hasa, Abdulatif, alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio. Alikimbia ufukweni kila asubuhi, akashindia matango na maji ya limao. Kina mama wa mikoani walimsalimu Beno kwa heshima zote, kisha wakamgeukia Abdulatif: "Wewe kijana, hebu tubebee haya masufuria mpaka kwenye gari." Abdulatif alibeba, maana biashara ni biashara. Hasira alikuja kuzimalizia kwa Beno.

Beno, mtu wa Songea aliyepanga Magomeni, alifungua duka alfajiri na kulifunga giza likiingia. Nafasi ya kula hakuwa nayo. Alijibanza nyuma ya masufuria, akasukumia chapati kwa soda. Bosi akifoka, aliongeza soda nyingine ili moyo utulie. Kitambi kile watu walichokiita neema kilikuwa cha mawazo.

Siku moja wahudumu wa afya walipiga hema jirani na soko, wakawa wanapima watu bure. Abdulatif akamchukua Beno waende wote, hasa ili apate mtu wa kusikia majibu yake yeye yalivyo mazuri.

Nesi Chiku alimtoboa Beno kidole. Sukari ilikuwa juu. Akampima presha, nayo ilikuwa juu.

"Anakula hovyo huyu," alisema Abdulatif. "Namwambia kila siku afanye mazoezi."

"Saa ngapi, bosi?" Beno aliuliza kwa upole.

Chiku akaitazama mashine, akamtazama Abdulatif. "Kaka, hebu tupishe kidogo."

Abdulatif akatoka. Chiku akasubiri, akapima tena, presha ikawa imeshuka. Mara Abdulatif akachungulia. "Tayari?" Mashine ikapiga kelele, presha imepanda tena. Chiku akamfukuza, akapima upya, ikatulia. Watu wa kwenye foleni wakanogewa, mmoja akamwomba Abdulatif achungulie tena.

"Aende hospitali akaanzishiwe matibabu," alisema Chiku. "Soda aache, apate muda wa kukaa ale chakula cha maana. Na asifokewe. Mawazo nayo yanapandisha sukari."

"Hilo la kufokewa, nesi, naomba ulirudie kwa sauti," alisema Beno.

Kesho yake adhuhuri Abdulatif akasimama mwenyewe kaunta, akamwambia Beno aende akale. Beno alikaa kwenye benchi la mama lishe, akala ugali kidogo, mchicha na dagaa, akitafuna taratibu kama mtu aliye likizo. Jioni duka likaanza kufungwa mapema, akawa anarudi kwa miguu.

Kuacha kufoka kulimshinda Abdulatif mwanzoni. Alianza kwa kelele, akakumbuka, akamalizia kwa kunong'ona, hata wateja wakampa pole ya koo.

Miezi ilipopita, sukari ya Beno ilishuka, ingawa dawa aliendelea nazo. Daktari alipomuuliza hali ya kazini, alijibu, "Bosi anaendelea vizuri."