Kobe wa Kabla ya Gemu

Kwenye kibanda cha gemu cha mtaani kwetu, Area D, kulikuwa na sheria moja. CD ikianza, kwenye runinga hutokea nembo ya kampuni iliyotoa gemu yetu ya magari: kobe wa kijani akivuka kioo taratibu. Hakuna aliyeruhusiwa kubonyeza pedi ya kuchezea ili amruke.

"Mwache apite," mama mwenye kibanda alisema kila mara. "Utaingiaje kwa mtu bila hodi?"

Mimi nilimpenda yule kobe. Nimeishia darasa la saba, naandika polepole, na mbele za watu maneno hunikwama. Kwenye gemu hiyo, ukishinda unaandika jina lako, herufi moja moja. Wenzangu waliosubiri zamu walinitania, "Kaka, gari unakimbiza, jina unatambaa," lakini hawakuwahi kuninyang'anya pedi. Mama alishasema aliyeshinda hasukumwi. Sikuwa na mahali pengine pa kukaa na watu bila kulazimika kuongea.

Siku moja CD ikagoma. Tukamwomba mwanafunzi wa chuo aliyepanga jirani atutafutie nyingine mtandaoni. Akasoma simu yake kwa muda, kisha akatueleza. Kampuni ile ilianzishwa na marafiki wachache waliokuwa wakitengeneza gemu chumbani. Ikakua, ikanunuliwa na kampuni kubwa, ofisi zikafungwa. Gemu yetu haitolewi tena.

"Kumbe ni marehemu," mama akasema.

"Muda mrefu, mama."

"Na sisi hata msibani hatukwenda."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nawaza jioni zangu nitazipeleka wapi.

Mama akaipaka CD dawa ya meno kupunguza mikwaruzo, akaifuta kwa kipande cha kanga, kutoka katikati kwenda nje, bila haraka. Akairudisha. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Kobe akatokea.

Mwanafunzi, kwa furaha, akapeleka kidole kwenye pedi.

"Mwache apite," nikasema.

Wote wakanigeukia, isipokuwa mama. "Umemsikia mwenzako," akamwambia mwanafunzi, macho yakiwa kwenye runinga.

CD ile bado inacheza, ingawa siku za vumbi inasumbua. Waliomchora kobe sijui wako wapi. Wakipita Area D nitawapisha kwenye benchi, niwape na zamu yangu.