Kisiki Ambacho Msumeno Hakukiua

Baba mdogo tunamwita Msumeno kwa sababu kazi yake ni kukata miti inayogusa nyaya za umeme barabarani. Kukata ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuua kisiki: unachonga mashimo kuzunguka gome, unamimina oili chafu, unafunika na nailoni. Usipofanya hivyo mti unarudi, na msimamizi anakuja juu.

Siku mama mdogo alipojifungua, Msumeno alikuwa kazini nje ya ukuta wa hospitali hiyo hiyo. Mti alishauangusha. Alikuwa amepiga magoti anachonga mashimo nesi alipomwita dirishani. Akatupa patasi, akakimbia. Mtoto wa kike alikuwa amezaliwa bila pumzi. Alikuwa wa tatu kuondoka kwa njia hiyo.

Mama mdogo ni fundi nguo, na zamani mdomo wake ulikimbia kuliko cherehani yake. Baada ya mazishi alinyamaza. Alilala ameelekea ukutani, sahani inaingia na kutoka kama ilivyokuja. Watu wa kanisani walikuja, wakajaa kwenye makochi, wakasema Mungu ana makusudi yake. Nilitamani kuwafungulia mlango watoke. Makusudi gani hayo yanayodai majeneza matatu madogo? Mtu anazama, unamsomea hotuba!

"Mama, kijiko kimoja tu," Msumeno alimbembeleza.

"Kula wewe."

"Nikila mimi utashiba wewe?"

"Mimi nataka kulala nisiamke. Basi."

Siku hiyo Msumeno alichukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akaniambia niufiche.

Wiki chache baadaye msimamizi alimpigia kelele mbele ya wenzake: "Msumeno! Kisiki chako cha hospitali kimeota nywele, wewe kichwa kinang'aa tu. Ulikinywesha uji? Nenda ukakimalize leo!"

Alikwenda na dumu la oili. Pembeni mwa mashimo aliyoyaacha nusu, machipukizi mekundu yalikuwa yametoboa gome na kusimama wima. Hapo ndipo alipokumbuka ni siku gani aliyoacha kazi ile bila kuimaliza. Hakumimina kitu. Alirudi nyumbani na dumu lake limejaa.

"Vaa viatu," alimwambia mkewe.

Mama mdogo alikubali ili tu aachwe apumzike. Tulimshika mimi huku, Msumeno kule, tukaenda mwendo wa mgonjwa mpaka kwenye ukuta.

"Unaona?" Msumeno alisema. "Siku ile ningemaliza kazi, hiki kingekuwa kimekufa. Labda Mungu..."

"Usinihubirie!" Sauti ilimtoka kama kitambaa kinachopasuliwa. "Mti una mizizi. Mimi nina nini? Niambie! Nina nini humu tumboni zaidi ya kaburi?"

Msumeno alikaa chini kwenye udongo uliolowa mvua ya asubuhi, naye mkewe akakaa juu ya kisiki. Sisimizi walipanda gome na kushuka. Jani moja changa lilikuwa linamgusa mkono. Akalishika kwa vidole viwili, akalisugua polepole.

"Masikio yake yalikuwa laini hivi," alisema.

Hakuwa ametamka neno hata moja kuhusu mtoto tangu mazishi. Halafu akalia, kilio cha kupiga kelele, mpaka waliokuja kutazama wagonjwa wakasimama. Msumeno naye alilia. Mungu ninayemwamini mimi hakuwa kwenye makochi yetu akitoa maelezo. Alikuwa pale chini ya gome, akifanya kazi kimya kimya mahali ambapo sisi tulishapaandika kuwa pamekufa.

Gari la kazi likasimama. Msimamizi akashuka.

"Pole sana, shemeji. Tupishe kidogo tumalize."

"Mmalize nini?"

"Kisiki hicho."

"Hapa hammwagi kitu."

"Lakini nyaya, shemeji..."

"Nyaya ziko kule juu. Hiki kinanifika magotini. Kikizifikia, njoo uniite, nitakikata mwenyewe."

Msimamizi alimtazama Msumeno. Msumeno akatazama viatu vyake. Bosi akaondoka akiapa kwamba mwezi ujao atakuja na tingatinga. Anaweza kuja kweli.

Mama mdogo hakufumba macho alipoomba. "Bwana, nimekukasirikia, na sijamaliza. Lakini hiki umekifanya wewe. Huyu mume wangu hakukusudia."

Jioni alilia tena, na kesho yake pia. Lakini pale pale, kabla hatujainuka, alimgeukia Msumeno.

"Una chochote cha kula?"

Msumeno alipapasa mifuko yote ya koti, akatoa kipande cha mkate wa jana. Mama mdogo akakiuma.

"Mgumu kama soli."

"Tafuna hivyo hivyo, mke wangu."

Akatafuna.