Vimebaki Vifungo Tu

Mimi ni fundi cherehani hapa Masasi, na hili nalisimulia kwa aibu. Mama Asha aliniachia kitenge cha ndege wekundu nimshonee gauni, akarudi kwao Newala, akakaa kimya mwaka mzima. Nikakikatakata, nikakichanganya na mabaki mengine, nikashona blanketi la viraka.

Jana akatokea na mjukuu mgongoni. Nikamwamkia.

"Marahaba, fundi. Gauni langu?"

"Tayari, mama. Vimebaki vifungo tu."

Nilitegemea aseme atarudi kesho, lakini akaketi kusubiri. Mtoto akasinzia, nami bila kufikiri nikamfunika blanketi lile. Mama Asha akalipapasa, mkono ukasimama kwenye ndege.

"Kilikuwa cha marehemu mama yangu," akasema taratibu. "Sasa fundi, hivyo vifungo utaviweka wapi hapa?"