Nilivyompunguzia Mjukuu Wangu Kodi Hadi Akakosa Pa Kukaa

Hapana, wewe uliyeuliza, mlango haukuvunjwa. Wala hakuingia mwizi.

Mjukuu wangu Renita karudi kutoka vitani, kakuta nyumba yake tupu. Sebule inarudisha mwangwi kama kisima.

Aliyeikomba ni mimi. Babu yake. Mchana kweupe, tena napiga mluzi.

Ngoja nikueleze. Naitwa Hollis, nakaa hapa Killeen, Texas, nyuma ya kambi ya jeshi, tangu enzi naendesha lori la kokoto. Mimi na shule tuliachana mapema, na shule ndiyo iliyoniacha.

Renita ni sajini. Mwaka mzima alikuwa huko kwenye mapigano, kaniachia funguo na karatasi ya kumsimamia mambo yake, kodi ikiwemo.

"Babu, ukikwama uliza," aliniambia.

Niulize? Mimi mzee mzima?

Kinyozi wangu akanipa siri. Ukitoa vitu sadaka, ukaviorodhesha kimoja kimoja, serikali inakupunguzia kodi. Nikasema hapohapo, mtoto atanikumbuka kwa hili.

Yakaanza makochi. Duka la mitumba la kanisa likaleta gari. Vikafuata viti, kabati, vitanda.

Ikabaki meza ya kulia. Ile aliichonga baba yake Renita, yaani mwanangu, kabla hajafa.

Mkono ukasita, sikufichi. Ila mama wa dukani, aliyekuja na gari, akaigongagonga: "Mbao ngumu hii, mzee. Thamani yake si ndogo."

Nikaiachia. Tamaa mbaya.

Mwezi wa pili, msimu wa kodi, mimi huyo kambini na orodha na risiti zangu, kule wanakosaidia watu kujaza fomu za kodi bure. Mabega juu. Nikapokelewa na binti mmoja koplo, anaitwa Quintero.

Akasoma. Akaniangalia. Akasoma tena.

"Mzee, mjukuu wako alikuwa eneo la vita mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, mwanangu."

"Basi mshahara wake wa mwaka huo hautozwi kodi ya mapato. Hakuna cha kupunguza."

"We punguza hivyo hivyo."

"Sifuri haipungui, mzee. Na hata angedaiwa, kila mtu ana punguzo la jumla, analipata bila kuorodhesha kitu. Orodha yako ingefaa kama ingelizidi hilo, na haifiki hata nusu." Akashika risiti moja. "Hii ni nini?"

"Kunyoa. Askari si lazima anyoe?"

"Ina jina lako."

"Nilinyoa kwa niaba yake."

Binti akainama chini ya dawati, eti anatafuta kalamu. Mabega yanatikisika.

Jioni simu ikalia. Renita anarudi Ijumaa.

Nikakimbilia dukani. Meza imeshauzwa, kaichukua Mama Odessa, mjane wa mtaa wa pili. Nikaenda.

"Siuzi," akasema. "Wajukuu zangu wameizoea."

"Mama, nakupigia magoti."

"Magoti hayo? Ukishapiga nani atakuinua?"

Ijumaa Renita akaingia, begi mgongoni, akasimama katikati ya sebule. Nikamweleza yote, mpaka ya kinyozi.

Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Meza ya baba iko wapi?"

Nikampeleka.

Mama Odessa alipomwona mtoto na gwanda lake, akasimama; nikamwambia meza aliichonga marehemu baba yake. Meza imejaa kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi, watoto wanagombania bakuli.

"Ichukue, mwanangu," akasema. "Sikujua ni ya marehemu."

Renita akaupapasa ubao. Akanigeukia.

"Babu, unajua tangu baba afe sijawahi kuilia? Nilikuwa nakula jikoni, nimesimama."

Sikujua. Miaka yote hiyo, na mimi ndiye mwenye funguo.

"Iache hapa, mama," akasema. "Ila Jumapili uniwekee nafasi. Na wewe babu, kesho twende ukaninunulie kitanda."

Basi wanangu, kabla hamjampunguzia mtu mzigo, mwulizeni kwanza kama anao, na ni upi. Mimi nilibeba nyumba nzima, mzigo wenyewe nikauacha.

Mama Odessa akasogeza watoto. "Samaki wanapoa. Mnakaa, au mmekuja kulinda?"

Tukakaa. Tukala.