Mwanamke Mwenye Liwa Usoni

Homa ilimziba shangazi yangu masikio akiwa mtu mzima, na tangu hapo anasoma midomo. Kiswahili tu; Kiarabu kinampita, na Kiingereza hakitaki. Harusini alikuwa akikaa mwisho wa ukumbi na kujua nani anamsengenya nani kule mbele. Watu hawakumwita hodari, walimwita mchawi. Kadi za harusi zikaanza kuja nyumbani kwetu Mirdif, huku ughaibuni, zikiwa na jina langu peke yangu.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kutafsiri maandishi ya filamu za kale zisizo na sauti, kwa ajili ya maonyesho. Moja ilipigwa pwani ya kwetu, zamani za mabibi zetu. Mwanamke anatoka mlangoni, uso mweupe pe, anainyooshea kamera kidole na kufoka. Kisha yanakuja maandishi: "Mchawi akiwalaani wageni." Nikatafsiri hivyo hivyo. Kazi ni kazi.

Shangazi alikuwa pembeni anachambua mchele. Akaitupia jicho kompyuta yangu, akataka nirudishe nyuma.

"Mchawi gani? Huyu kapaka liwa yake ya msandali, ataka kupendeza. Asema, 'Ngojeni ninawe uso kwanza!'"

Nikarudisha mara nne. Mara ya nne hata mimi nikaona. Nami hupaka liwa kila Alhamisi, na hakuna aliyewahi kuniletea kamera mlangoni. Niliona aibu kweli kweli. Mwenzetu kaomba dakika moja ya kunawa, kapewa uchawi wa milele.

Shangazi akasema hali chakula mpaka maandishi yale yabadilishwe. Kwa hiyo kesho yake nikaenda naye kwa sir, mwenye maonyesho. Sir akauliza tumejuaje, na picha haina sauti. Akamtoa mpokea wageni, msichana wa Kenya, nje ya mlango wa kioo, aseme lolote kwa Kiswahili.

"Asema ana njaa, na huyu bosi hamalizi maneno," shangazi akasema.

Nikamtafsiria sir nusu ya kwanza. Msichana akakubali kwamba ana njaa. Khalas, maandishi yakabadilishwa.

Siku ya ufunguzi shangazi alivaa buibui jipya. Mwanamke wetu akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, na maneno yake mwenyewe chini yake. Watu wakacheka, lakini kwa wema. Sir akawa anamweleza kila mgeni kwamba shangazi ndiye aliyeyasoma. Shangazi alifurahi hata akanishika mkono kama mtoto sikukuu.

Karibu yetu walisimama wanawake wawili wa jamaa zetu, wale wale wa kadi. Mmoja akatutazama, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Sikukwambia? Sasa hata wafu anawasikia."

Shangazi aliona kiganja tu. Akaniuliza wanasema nini.

"Wanasema filamu nzuri."

Aliniangalia mdomo mpaka nikamaliza, kisha akaniachia mkono.